Mashine Inapima Nini Hasa? Nyurofidibaki, Bayofidibaki na Fedha ya Mgonjwa

Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la kitabibu ambayo kila mzazi anayefikiria kumpeleka mwanawe kwenye "mafunzo ya ubongo" kwa mashine, yaani nyurofidibaki, anastahili kuyajua. Jaribio lilifanyika Marekani, katika majimbo ya Ohio na North Carolina, na miongoni mwa viongozi wake alikuwa Profesa Eugene Arnold wa Chuo Kikuu cha Ohio State. Walichukuliwa watoto zaidi ya 140 wa miaka 7 hadi 10, wote wakiwa na ADHD, yaani ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kushindwa kushika jambo moja hadi mwisho. Wote pia walikuwa na wingi wa mawimbi ya polepole kwenye ubongo, alama ambayo watetezi wa tiba hii wamekuwa wakiitaja kwa miaka mingi kuwa ndiyo shabaha ya kushughulikiwa.

Kipindi kimoja cha nyurofidibaki huwa hivi. Mtoto anakaa kwenye kiti. Mtaalamu anamsugua kichwani kwa jeli ili ngozi ipitishe umeme vizuri, anabandika elektrodi, yaani vipande vidogo vya kunasa umeme, utosini, nyingine anazibana kwenye ndewe za masikio. Mbele yake kuna skrini yenye mchezo. Mawimbi ya polepole yakipungua na ya kasi yakiongezeka, mchezo unasonga na pointi zinapanda. Mawazo yakimtoroka, mchezo unakwama. Hakuna anayemwambia afanye nini kichwani mwake. Anapapasa mwenyewe mpaka apate njia. Ubongo unaonyeshwa kazi yake papo kwa papo na unatuzwa ukielekea upande unaotakiwa. Katika jaribio hili kila mtoto alipangiwa vipindi 38.

Siri ilikuwa kwenye kundi la pili. Watoto hao nao walikaa kwenye kiti kilekile, wakapakwa jeli ileile, wakacheza mchezo uleule kwa muda uleule. Lakini mchezo wao haukuendeshwa na ubongo wao. Uliendeshwa na mawimbi ya mtu mwingine yaliyorekodiwa zamani, yakachanganywa na kupepesa macho na kujitikisa kwa mtoto mwenyewe ili asishtuke. Mtoto hakujua, mzazi hakujua, mwalimu hakujua, wala aliyekuwa akiendesha kipindi hakujua.

Matokeo: watoto wa makundi yote mawili walipata nafuu kubwa. Wazazi na walimu waliona tofauti, na mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilikuwa bado ipo. Ila walioendeshewa mchezo na mawimbi yao halisi hawakuwapita kwa maana yoyote ya kitakwimu wale walioendeshewa na mawimbi ya mtu mwingine. Jambo moja watetezi wa tiba hii wanalishikilia, na ni haki yao: baada ya miezi 13, watoto wa kundi la tiba halisi walikuwa wakihitaji dawa kidogo kuliko wenzao. Lakini lile swali ambalo jaribio liliundwa kulijibu lilijibiwa, na jibu likawa hapana.

Nimeyarudia matokeo haya mara nyingi na kila mara naona watu wanayasoma nusu. Wenye kuipinga nyurofidibaki wanasema "haifanyi kazi" na kufunga daftari. Wenye kuiuza wanasema "watoto walipona" na kuchukua malipo. Mimi naona kwamba kilichotokea kwenye vyumba vile ni kitu cha thamani, na kwamba si mashine iliyokileta. Mtoto ambaye shuleni anaitwa mtundu na nyumbani anafokewa kutwa nzima alipata mtu mzima aliyekaa naye mara 38, akampongeza kila alipotulia, akamfundisha kwamba kutulia ni kitu anachoweza kukifanya mwenyewe. Mzazi alimsindikiza, akaingiwa na matumaini, akaanza kumtazama mwanawe kwa jicho jingine. Mtoto naye alikua kwa miezi kadhaa. Ukivitoa vyote hivyo sijui kama kingebaki kitu cha kuuza.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye mashine yoyote ya namna hii ni moja: unachokipima ndicho ugonjwa wenyewe, au ni kivuli chake? Karibu kila ushindi na kila kushindwa katika taaluma hii kunaelezeka kwa swali hilo.

Historia yake inasaidia kulielewa. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kuchapisha ugunduzi wake mwaka 1929. Alionyesha kwamba mtu akifumba macho na kutulia, kalamu huchora mawimbi ya kama 10 kwa sekunde, akifumbua, yanapotea. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Joe Kamiya wa Chuo Kikuu cha Chicago akagundua jambo la kushangaza: watu waliweza kujifunza kutambua ni lini mawimbi hayo ya alfa yamo vichwani mwao, kisha wakajifunza kuyaita. Habari ilipofika kwa umma mwaka 1968 iliangukia mikononi mwa vijana wa Marekani waliokuwa wakitafuta utulivu wa watawa wa Asia bila kukaa miaka mingi kwenye tafakuri. Mashine za alfa zikauzwa kama njugu.

Kazi iliyokuwa na uzito zaidi ilifanywa na Barry Sterman huko California, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa paka. Aliwafundisha kungoja bila kutikisika, misuli imetulia lakini akili iko macho, kama paka anavyotulia anapovizia. Katika hali hiyo sehemu ya ubongo inayohusika na mwendo hutoa mawimbi 12 hadi 15 kwa sekunde, na kila yalipotokea, paka alipewa chakula. Baadaye, kwa sababu nyingine kabisa, Sterman alipewa kazi ya kuchunguza sumu ya mafuta ya roketi aina ya hidrazini, ambayo huleta degedege. Baadhi ya paka waliotumika walikuwa walewale waliofundishwa. Hao walichelewa kuanguka, na wengine hawakuanguka kabisa. Mwaka 1972 yeye na mwenzake wakachapisha habari za mwanamke kijana mwenye kifafa ambaye baada ya mafunzo hayo alipungukiwa na mishtuko. Miaka minne baadaye, 1976, Joel Lubar wa Tennessee akatoa ripoti kuhusu mtoto mwenye utundu uliopitiliza, na biashara yote tunayoiona leo ikachipukia hapo.

Habari ya paka naipenda, tena naiamini. Paka hajui plasebo, yaani tiba ya kuigiza inayoleta nafuu kwa sababu mtu anaiamini. Hatarajii lolote kutoka kwa daktari, hasomi matangazo. Lakini tazama walichofundishwa: kutulia kwa misuli, na jambo lililopimwa baadaye lilikuwa dhoruba ya umeme inayoikumba sehemu ileile ya ubongo inayotawala misuli. Umbali kati ya kinachopimwa na kinachotibiwa ulikuwa mfupi. Kutoka hapo kwenda kwenye umakini wa mtoto darasani, huzuni, kukosa usingizi, usonji na kumbukumbu ya wazee, njia ni ndefu sana, na watu wameipita kwa kuruka.

Zamani hizohizo taaluma hii ilipata pia somo la uaminifu. Neal Miller wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, mmoja wa wanasaikolojia wakubwa wa karne ya 20, aliripoti kwamba panya waliopoozeshwa misuli kwa dawa ya kurare, huku wakipumuliwa na mashine, waliweza kujifunza kuongeza au kupunguza mapigo ya moyo wakituzwa. Dunia ilisisimka. Kama panya asiyeweza kukunja hata kidole anaamuru moyo wake, basi binadamu angeshindwa nini? Kisha matokeo yakaanza kufifia katika maabara yake mwenyewe, jaribio baada ya jaribio, mpaka yakatoweka. Miller hakuficha. Yeye na wenzake walitumia miaka wakitafuta sababu, na wakaandika hadharani kwamba wameshindwa kuyarudia. Natamani kila kliniki inayojinadi leo ingekuwa na robo ya moyo huo.

Sasa twende kwenye bayofidibaki, ambayo nayo humwonyesha mtu kazi ya mwili wake papo kwa papo, lakini haigusi mawimbi ya ubongo bali misuli, joto la ngozi, pumzi na mapigo ya moyo. Hapa kuna mafanikio ya kweli, na makubwa kuliko yote yako mahali ambapo watu huona haya kupazungumzia.

Wapo watu wanaokosa choo kwa wiki nzima huku utumbo wao ukiwa mzima. Tatizo ni kwamba wanaposukuma, misuli ya mlango wa haja kubwa inayopaswa kulegea inakaza. Bila kujua, wanasukuma na kuziba kwa wakati mmoja. Dawa za kulainisha choo zinasaidia kiasi tu, kwa sababu choo si kigumu, mlango umefungwa. Katika bayofidibaki mgonjwa huingizwa kifaa chembamba chenye kupima mkazo, akakaa mbele ya skrini, akaambiwa sukuma. Kwa mara ya kwanza maishani anauona mstari ukipanda pale alipodhani unashuka. Mtaalamu anamwelekeza: vuta pumzi, tumia tumbo, legeza huku chini. Mstari unashuka. Baada ya hapo hufundishwa kutoa kibaluni kidogo chenye maji, kama mazoezi ya kitu halisi.

Daktari Giuseppe Chiarioni na wenzake nchini Italia walichapisha mwaka 2006 jaribio la wagonjwa 109 wa namna hii. Waliopata vipindi 5 vya bayofidibaki, asilimia 80 walisema wamepata nafuu kubwa baada ya miezi 6. Waliopewa dawa ya kulainisha choo, asilimia 22. Mwaka uliofuata kundi la Satish Rao huko Marekani likalinganisha tiba hii na tiba ya kuigiza, na halisi ikashinda. Hapo ndipo nyurofidibaki ilipokwama Ohio, na hapo bayofidibaki ikapita. Sababu naiona wazi: misuli inayopimwa ndiyo misuli inayosumbua. Mtu akiilegeza kwenye skrini ameilegeza mwilini.

Lakini hata hapa yapo mambo ya kututia adabu. Mwaka 1948 daktari wa wanawake Arnold Kegel wa Los Angeles alitengeneza kifaa chenye saa ya kupimia mkazo ili mama aliyetoka kujifungua, mkojo ukimponyoka, aone kama kweli anakaza misuli ya nyonga inayotakiwa. Ilikuwa bayofidibaki kabla jina halijakuwepo. Miaka zaidi ya 70 baadaye, 2020, matokeo ya jaribio la wanawake 600 nchini Uingereza yakachapishwa. Wote walifundishwa mazoezi ya nyonga na wataalamu wa fiziotherapia. Nusu yao wakaongezewa mashine ya bayofidibaki, kliniki na nyumbani. Baada ya miaka miwili hakukuwa na tofauti. Mazoezi yalifanya kazi, mwalimu alifanya kazi, mashine haikuongeza kitu.

Na kwenye maumivu ya kichwa yale ya kubana kama umefungwa kamba, kuna jaribio la mwaka 1984 la Kenneth Holroyd ambalo lingepaswa kubandikwa ukutani. Wanafunzi wenye maumivu hayo waliwekewa elektrodi kwenye misuli ya paji la uso. Wote walidhani wanajifunza kuilegeza, kumbe baadhi yao, bila kujua, walikuwa wanajifunza kuikaza. Wote pia walionyeshwa alama za kubuni: wengine wakaambiwa wanafaulu sana, wengine wanafaulu kiasi. Nafuu haikufuata misuli hata kidogo. Ilifuata alama. Walioamini kwamba wanafaulu sana walipata nafuu takriban mara mbili ya wenzao, hata wale waliokuwa wanakaza. Bayofidibaki kwa maumivu ya kichwa na kipandauso inasaidia, vyama vya madaktari vinaikubali, na sina ugomvi na anayeitumia. Ila kinachosaidia kinaweza kuwa ni mtu kugundua kwamba mwili wake unamsikia.

Sasa tuupime ubongo kwa kipimo hichohicho. Elektrodi iliyobandikwa kichwani inasikia umeme wa mamilioni ya seli kwa pamoja, kupitia utando, mfupa na ngozi. Umeme huo ni hafifu mno, wakati umeme wa misuli ya taya na paji la uso una nguvu kuliko huo. Mtoto akiuma meno, mashine inaona "mawimbi ya kasi". Akipepesa macho, inaona "mawimbi ya polepole". Programu hujaribu kuyachuja, kwa mafanikio tofautitofauti. Na hata wimbi likiwa safi, bado si ugonjwa. Uwiano wa theta kwa beta, yaani wa mawimbi ya polepole kwa yale ya kasi, ulitangazwa kuwa muhuri wa ADHD. Tafiti za baadaye zikakuta watoto wengi wenye ADHD hawana, na wengi wasio na ADHD wanao. Ukichovya kipimajoto kwenye maji ya baridi namba itashuka, lakini homa ya mtoto iko palepale.

Salzburg, Austria, Manuel Schabus na wenzake walifanya jaribio kama la Ohio kwa watu 30 wanaokosa usingizi, wakichapisha mwaka 2017. Walitumia wimbi lilelile la paka wa Sterman. Wagonjwa walisema wanalala vizuri zaidi, baada ya tiba halisi na baada ya tiba ya kuigiza vilevile. Usingizi wenyewe, ulipopimwa usiku kwa mashine, haukubadilika. Mwishoni mwa 2024 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha uchambuzi wa majaribio 38 ya nyurofidibaki kwa ADHD, yenye watu 2,472. Pale ambapo aliyetoa tathmini hakujua nani alipata nini, nafuu ya maana haikuonekana kwa ujumla. Ukichukua tu mbinu zile zilizozoeleka, ilibaki faida ndogo. Ndogo kweli, lakini naitaja kwa sababu anayeandika kuhusu ushahidi hana ruhusa ya kuficha ule usiompendeza.

Kwa kifafa, ambako yote yalianzia, uchambuzi wa mwaka 2009 ulikusanya tafiti 10 zenye wagonjwa 87, wengi wao wakiwa wale ambao dawa zimewashindwa, na robo tatu hivi waliripoti mishtuko kupungua. Hilo si jambo la kupuuza. Lakini ni wagonjwa 87 kwa kazi ya karibu miaka 40, wengi bila kundi la kulinganisha lililofichwa vizuri. Kama kuna mahali ningetaka fedha za utafiti ziende, ni hapo, na ningefurahi kuliko mtu yeyote matokeo yakiwa mazuri.

Nimetaja kifafa kwa makusudi, maana kwetu ndipo suala hili linapouma. Matangazo ya mafunzo ya ubongo hayana mpaka. Mama wa Singida mwenye mtoto wa kifafa au usonji anayapata kwenye simu yake sawasawa na mama wa Toronto. Huko Marekani kipindi kimoja hugharimu dola 100 hadi 200, na mteja huambiwa anahitaji vipindi 20 mpaka 40. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama milioni 50 wana kifafa, kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila mishtuko wakipata dawa inayofaa, na kwamba robo tatu ya walio katika nchi maskini hawaipati. Dawa hiyo inaweza kugharimu dola 5 kwa mwaka mzima.

Tanzania ina historia yake katika hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mahenge, katika milima ya Ulanga, daktari kijana mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alikuta watu wenye kifafa wametengwa hata na ndugu zao, wakila peke yao, miili ina makovu ya moto walioangukia jikoni bila mtu kuthubutu kuwagusa kwa kuogopa povu. Alianzisha kliniki na kuwapa fenobarbitoni, kidonge cha kuzuia kifafa. Hakukuwa na skrini wala elektrodi. Mishtuko ilipungua, na watu wakaanza kukaribishwa tena kwenye sinia la familia. Zaidi ya miaka 60 imepita na bado kuna zahanati ambako kidonge hicho huisha miezi kadhaa. Anayemshawishi mzazi aache kidonge, auze kiwanja na kulipia vipindi 40 anaweza kuwa anamwua mtoto, hata kama nia yake ni njema, kwa sababu kuacha dawa ya kifafa ghafla huweza kuleta mishtuko isiyokoma.

Nako kuna wenzao wabaya zaidi, wanaojificha nyuma ya jina hili. Nani hajaiona ile huduma ya "kupima mwili mzima" kwenye mabanda ya maonesho na vyumba vya ghorofani juu ya maduka? Unashikishwa kipande cha chuma kwa dakika moja, kompyuta inatoa kurasa za ripoti ya ini, figo, kongosho, mifupa na nguvu za kiume, kisha unauziwa virutubisho vya laki kadhaa. Mashine za aina hii zina mfano unaojulikana. William Nelson, Mmarekani, aliandikisha mashine yake kwa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani kama kifaa cha bayofidibaki cha kupima msongo, kisha ikauzwa kwa ahadi za kutibu mpaka saratani. Alishtakiwa kwa ulaghai mwaka 1996, akahamia Hungaria, akaendelea kuuza dunia nzima kutokea Budapest. Gazeti la Seattle Times lilifichua habari hiyo mwaka 2007, likieleza pia habari za wagonjwa walioacha tiba za kweli. Mwaka uliofuata Marekani ikazuia mashine hiyo kuingizwa nchini.

Mlango alioingilia Nelson bado uko wazi. Marekani huruhusu vifaa vya bayofidibaki vya kumfundisha mtu kutulia na kurudisha kazi ya misuli bila kutaka ushahidi wa kina, na kwa matumizi hayo ni sawa. Muuzaji huichukua ruhusa hiyo ya kutuliza, akaiandika kwa herufi kubwa kwenye tangazo, halafu chini yake akaorodhesha ADHD, usonji, kiharusi na msongo wa kivita. Mamlaka zetu, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kwa Tanzania na Bodi ya Dawa na Sumu kwa Kenya, zina uwezo wa kudai jambo dogo tu: kila mwenye mashine ya aina hii abandike ukutani, kwa Kiswahili, kazi ambayo kifaa chake kimesajiliwa kuifanya. Mteja asome kabla ya kutoa pochi.

Mzazi aliyekwisha kuamua kujaribu simlaumu. Nimewaona wazazi wa watoto wenye usonji wakizunguka kutoka kwa mganga hadi kwa mchungaji hadi kwa mtaalamu wa bei, na kinachowasukuma ni upendo. Ningewaomba tu wasiache dawa bila daktari aliyeiandika, wasikope, na wamuulize mwenye kliniki aonyeshe jaribio ambalo tiba yake imeshinda tiba ya kuigiza kwa ugonjwa huohuo wa mtoto wao. Si simulizi za wateja, si vyeti vya semina. Akikasirika, jibu limepatikana.

Na kama Wizara ya Afya ingeniuliza fedha za eneo hili ziende wapi, nisingetaja mashine ya mawimbi hata moja. Wapo wanawake waliofanyiwa upasuaji wa fistula katika hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam, tundu likazibwa vizuri, lakini baadhi yao mkojo bado unawaponyoka kwa sababu misuli iliumia wakati wa uchungu uliokaa siku nyingi. Lile jaribio la wanawake 600 wa Uingereza halikuwahusu wao, lakini linatupa sababu ya kuanza na mtu kabla ya kifaa: mwanamke aliyesomea fiziotherapia ya nyonga, chumba chenye mlango unaofungwa, na nusu saa kila wiki kwa miezi kadhaa ya kuelekezwa kwa mkono na kwa maneno ni misuli ipi ikazwe na ipi iachwe. Hospitali za wilaya zina wachache mno wa kuifanya kazi hiyo, na mshahara wa mwaka wa mmoja wao ungewafikia wanawake wengi kuliko watoto watakaowahi kukaa mbele ya skrini ya kliniki moja ya nyurofidibaki.